Muhtasari wa Kikao cha Tatu

Ajenda namba moja: nani ashike funguo.
Mahali: Montana, ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule,
chini ya ubao wa alama uliokwama 58 kwa 61 tangu Ijumaa.
Nje theluji. Ndani viti mia mbili vya chuma
na birika la kahawa iliyoungua.
Mimi ni karani. Silipwi kuwa na maoni.

Alianza bwana wa Serikali Kuu, tai ya kijani.
Alitandaza ramani mezani, ikajikunja;
akaikandamiza pembe moja kwa simu, ya pili kwa kikombe,
ya tatu kwa miwani,
na ya nne kwa kiganja chake mwenyewe,
hata hotuba nzima hakuthubutu kuinua mkono.
Ardhi hii ni ya umma, alisema.
Umma ukapiga makofi, upande mmoja wa ukumbi.

Mtu wa Jimbo akajibu kuwa umma ni sisi wa karibu,
si ofisi iliyoko mwendo wa ndege mbili.
Garth Ostrander, mfugaji, hakungoja zamu:
nguzo za uzio ule baba yake alizichimbia kwa mtaimbo,
na mwaka juzi mitamba yake minne ilitupa mimba
kwa ugonjwa uliovuka uzio huohuo.
Nani alimlipa? Aliuliza mara mbili.
Niliandika mara moja.
Nikaona haya, nikaongeza ya pili.

Kisha Philomena Laderoute, wa Baraza la kabila,
sweta la zambarau, magoti mabovu.
Kusimama kulimchukua muda kuliko kusema.
"Nyanya wa nyanya yangu alivusha milima na ndama wanne,
akawanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kiatu cha ngozi.
Baisani mnaowagombea ni vitukuu vya hao.
Mlipochora mstari mlituacha nje,
mkatuuzia tiketi tukawatazame."
Akapekua pochi.
"Tiketi ninayo."
Ilipitishwa mkono kwa mkono hadi mezani kwangu.
Senti hamsini. Mtu mzima mmoja.

Neno *yetu* niliandika mara sitini na moja.
Herufi nne tu,
halisemi nani yumo na nani hayumo;
kila aliyeingia nalo alifunga mlango kwa ndani.

Wakaja kwenye idadi.
Serikali Kuu: mia tatu na arobaini.
Jimbo: mia tatu na kumi na wawili.
Philomena: ndama hahesabiwi manyoya yakiwa bado mabichi.
Sauti ya nyuma ikasema fahali wawili hawakai zizi moja.
Nyingine: je, watatu?
Kicheko sikukiandika. Nakiandika sasa.

Saa tatu kasorobo mlango ukasukumwa.
Emory Vance, fundi wa uzio, theluji hadi kwenye kope,
aliyelipwa na wote watatu kwa zamu miaka kumi na tisa
na ambaye hakuwemo kwenye orodha ya wasemaji.
Alivua glavu moja.
"Theluji imefukia uzio wa kaskazini.
Wamepita juu yake kama wanapanda ngazi.
Wako barabarani."

Mtu wa Jimbo alisema barabara ni ya Jimbo, ila wanyama, kisheria...
Bwana wa Serikali Kuu aliinua kiganja.
Ramani ikajikunja.
Ostrander alikwisha kusimama, anatukana,
anapapasa mfukoni ufunguo wa trekta,
na Philomena anamwambia,
"Nipakie mbele. Magoti yangu hayawezi nyuma."

Waliondoka watu kumi na mmoja.
Tuliobaki tulijadili bima hadi saa tano.
Ajenda namba moja: haikuamuliwa.

Nilipowasha gari, taa ziligonga mgongo mweusi
mrefu kupita boneti,
barafu kichwani haijayeyuka, pumzi inafuka.
Alinitazama kama mtu anayetazama jiwe.
Nilizima taa, nikangoja apite.

Haya hayamo kwenye muhtasari.